Neno la Kumtuma Mbwa

Nilikuwa nimemtarajia mtu wa buti nyeusi, filimbi shingoni, na sauti ya kuamrisha gwaride. Mwalimu wa mbwa aliyeshuka kwenye pikipiki mbele ya boma letu alikuwa na malapa miguuni na sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Alibeba gunia begani, na jambo la kwanza aliloliuliza ni kama kuna uji.

Baba alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyemtafuta mtu huyo. Nilikuwa nauza katika duka la dawa za mifugo Kiritiri, kazi niliyoipata baada ya darasa la nane, na mteja mmoja kutoka Kianjokoma alikuwa amemsifu mpaka nikasahau kumpa chenji yake. Ati ni Mmeru, ati aliwahi kuwa askari wa mbwa katika kampuni ya ulinzi huko Nairobi, na sasa anazunguka akifundisha mbwa wa watu manyumbani. Nilipeleka hiyo habari nyumbani nikikimbia. Nilikuwa tayari nimeshamwona mbwa wetu kwenye televisheni, amevaa mkanda wa ngozi, ananusa mizigo ya watu kwenye uwanja wa ndege, na mimi kando yake nimevaa sare.

Baba hakuwa na ndoto za uwanja wa ndege. Yeye alitaka mbuzi wake walale salama. Sisi wa huku chini mvua hutudanganya, ndengu zikikauka shambani mbuzi ndio hubaki, na hao mbuzi walikuwa wakiibiwa mchana kweupe tukiwa tumeenda kulima. Wezi walikuja kwa pikipiki, wakamfunga mbuzi mdomo, wakamkalisha katikati yao kama abiria. Mara ya mwisho jirani aliona kila kitu akiwa ng'ambo ya korongo. Alituambia mbwa wetu alisimama akawatazama wakipakia, akatingisha mkia.

"Huyo wangemwomba, angewasaidia kupakia," baba akasema.

Mimi nilijua kwa nini. Nilimlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya sufuria. Alikuwa wa rangi ya udongo, mguu mmoja mweupe, na sikio moja lililopasuliwa na jogoo. Wa kumlisha alikuwa cucu, mama yake baba, aliyeishi nasi. Kila jioni cucu alifinyanga ugali uliobaki, akauchovya kwenye mchuzi, akaunyoosha mkono, na mbwa akauchukua kwa midomo tu, polepole, kama mtu anayepokea sakramenti. Mbwa aliyelelewa hivyo angemchukia nani?

"Anaitwa nani?" mwalimu aliuliza alipomaliza uji wa kwanza.

"Wewe," nikajibu.

"Mimi?"

"Hapana, mbwa. Tunamwambia 'wewe'. Baba alikataa apewe jina. Anasema mbwa mwenye jina ni mtu wa ukoo, akifa lazima umfanyie matanga."

Mwalimu alicheka mpaka uji wa pili ukamwagikia sweta. Nikampenda hapo hapo.

Siku ya kwanza hakumgusa mbwa. Alituketisha sisi watatu kwenye benchi akaanza kutufundisha sisi, mimi nikimtafsiria cucu. Alisema mbwa hana shida, shida ni kwamba cucu anamwambia hivi, baba anamtupia jiwe, na mimi namwimbia. Tangu leo, neno moja kwa jambo moja, na watu wote waliseme vilevile. Mawe yakapigwa marufuku. Akatufundisha "siti" na "auti", moja ya kuketi na nyingine ya kuachia kitu mdomoni. Wiki haikuisha kabla mbwa hajaanza kuketi akiambiwa, na cucu akashika kiuno.

"Mbwa wangu amenipita masomo," alisema kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani. "Yeye sasa anajua Kizungu, na mimi hata Kiswahili sijui."

Kisha tukafika kwenye somo ambalo baba alikuwa akilingojea, na ambalo alikubali kulilipia kwa dume la mbuzi: neno la kumtuma mbwa akamshike mwizi. Mwalimu alilieleza vizuri sana. Alisema hilo haliwezi kuwa neno linalosemwa hapo nyumbani. Tukitumia "thiĩ" yetu, yaani "nenda", siku cucu atakapomtuma mtoto wa jirani chumvi, mbwa naye ataenda, na hataenda kununua chumvi. Kwa hivyo yeye alikuwa na utaratibu wake. Akifundisha kwao Meru, anatumia neno la Kikamba. Akija huku kwetu, anatumia la Kimeru.

Akanyoosha mkono wote, kidole mbele, akasema kwa nguvu, "Ita!"

"Maana yake?" baba akauliza.

"Nenda. Kwetu ndiyo 'nenda'. Hapa kwenu nani anajua Kimeru?"

"Hakuna."

"Basi mko salama."

Wewe unayesoma umeshaona. Sisi hatukuona. Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje, maana Kiswahili nilikisoma shuleni na dukani nakizungumza kutwa. Lakini nyumbani kwetu, asipokuwapo mgeni, hakuna anayesema Kiswahili. Sisi tukitaka kusema "ita mtu" kwa lugha yetu, ulimi unashuka kidogo, neno linatoka karibu na "eta". Na mwalimu alipolisema lile lake, kwa ile sauti yao ya mlimani na mkono mbele, mimi nilisikia Kimeru kitupu. Nilikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Alihitajika mtu wa kuvaa magunia ili aumwe. Jirani aliombwa, akasema, "Mimi nina watoto." Mwingine akasema angekuja baada ya mavuno, na hayo mavuno hayakuonekana. Mwishowe baba akajitolea mwenyewe. Tulimfunga magunia mikono na miguu, juu yake akavaa koti kuukuu la mvua, akawa kama ghala linalotembea. Cucu alicheka mpaka akaketi chini.

"Mwenye nyumba si mzuri kwa kazi hii," mwalimu alisema. Alisema mara moja tu, kisha akakuna kichwa. "Lakini kama hakuna mwingine."

Mara za kwanza mbwa alitutazama kwa aibu. Alikuwa akifika kwa baba, anamnusa magoti, anarudi. Mwalimu alimtia moyo kwa mifupa na sifa, siku baada ya siku, hadi asubuhi moja mkono ulinyooshwa, neno likasemwa, na mbwa akaondoka kama jiwe la manati. Alilikamata gunia la mkono wa baba akaning'inia. Baba aliyumba, akapaza sauti, "Auti!" na mbwa akaachia, akaketi, ulimi nje, anangoja kusifiwa. Nilipiga makofi. Baba alikuwa anahema na kucheka, nyuzi za gunia kwenye nywele.

Mwalimu akachukua dume lake, akarudi Gachoka alikopanga chumba, na baadaye tukasikia amepanda kwao Meru.

Mgeni wa kwanza kutuletea matata alikuwa mnunuzi wa mbuzi, mtu wa mbali, ambaye hatukuwa na lugha naye isipokuwa Kiswahili. Alisimama nje ya ua. Baba alikuwa ameinama zizini, amevaa lile koti la mvua kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Mnunuzi akamwelekezea kidole, akaniambia, "Msichana, hebu ita yule mzee."

Mbwa alinipita ubavuni sikumwona, niliona tu mguu mweupe. Alimshika baba suruali nyuma ya goti akaipasua hadi chini. Baba akapiga kelele ya "auti", na mbwa akaachia, akaketi palepale kwenye mavi ya mbuzi, macho yamejaa furaha.

Tulimpigia mwalimu simu. Alifikiri, akauliza baba alikuwa amevaa nini. Tukamwambia. "Ni hilo koti," akasema. "Lina harufu ya mazoezi. Litupeni." Tuliridhika. Koti likavikwa kinyago cha kufukuzia ndege shambani, na kwa siku kadhaa tulichekeshana kwamba ndege wenyewe waogope kuumwa.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa kanisani, mgeni aliyehamia na mumewe kutoka upande wa Nakuru. Alikuja kutualika kwenye maombi. Cucu alikuwa ameketi mbele ya jikoni akipukuchua kunde, mgongo umeelekea jua. Yule mama alinisalimia, akatabasamu, akanyoosha mkono kumwelekea.

"Ita nyanya nimpe salamu," alisema.

Cucu hakuinua hata macho. Alipoinua, mbwa alikuwa ameshamfikia, naye akainua na mkono kujikinga. Mbwa alimkamata chini ya kiwiko. Ungo wa kunde uliruka. Mimi nilipiga mayowe yote isipokuwa lile neno lililotakiwa, na ni baba aliyelisema, akija mbio kutoka shambani. Mbwa akaachia. Akaketi mbele ya cucu, akamtazama usoni, akatingisha mkia. Bado alikuwa anangoja sifa.

Hilo la mkia ndilo lililonikosesha usingizi.

Hospitali walimsafisha cucu, wakamshona, wakamwanzishia sindano za kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo, mteja wetu pale dukani, alisema tumfunge mbwa kwa mnyororo, tumtazame siku kumi. Kama ana kichaa atakufa mwenyewe. Majirani hawakuhitaji siku kumi. Walikuja na pole, wakasimama mbali na mnyororo, wakasema mbwa mzima hawezi kumng'ata mama huyu.

"Huyo ameshaharibika kichwa. Unangoja nini, mzee?"

Baba aliinuka. Alichukua jembe na sururu, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba. Ardhi yetu ni ngumu kiangazi, na sauti ya sururu ilisikika mpaka barabarani. Mbwa alilala, kichwa juu ya miguu, masikio yakifuata ile sauti. Nilipompelekea maji aliketi bila kuambiwa, kwa ule ustaarabu wake wote wa shule.

Siku kumi zilipita na hakufa. Alikula, alikunywa, aliota ndoto akitetemesha miguu. Nilimwambia baba, mbwa ni mzima.

"Basi ni vibaya zaidi," baba akasema. "Kichaa ni ugonjwa. Huyu amemuuma mama yangu akiwa na akili zake."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Alichonipa ni hiki: mwalimu aje kwanza, aseme mbele yetu alimfundisha nini mbwa huyu. Halafu shimo lile litatumika.

Mwalimu alikuja na sweta ileile. Uji hakuomba. Alisimama penye ua, akamtazama mbwa kwenye mnyororo, akamtazama cucu mlangoni pa jikoni na bandeji yake. Baba alikuwa ndani. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea nyumbani, akaniambia kwa sauti ya unyonge, "Ita mzee tuongee."

Mnyororo ulilia. Mbwa alikuwa ameruka kuelekea kwenye nyumba hadi ukamkaba, miguu ya mbele hewani, na hakuna aliyekuwa amemchokoza.

Mwalimu aliutazama mkono wake, bado umenyooka. Akaushusha polepole, kama umeshika makaa.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Umesema ita mzee," nikamjibu, na nikalisikia neno likitoka mdomoni mwangu. Nikamwona mnunuzi wa mbuzi na kidole chake. Nikamwona mama wa kanisani.

Baba alikuwa ametoka. Alikuwa amesikia. "Sema tena," akamwambia mwalimu.

"Mzee, nisamehe. Nilifikiria lugha ya nyumba. Lugha ya mgeni sikuifikiria."

"Yaani mbuzi wangu mzima nimemlipa mtu aniumizie mama kwa Kiswahili!"

Cucu aliuliza kuna nini. Nilimweleza: kwa mwalimu neno hilo ni kwenda, kwa Kiswahili ni kuita, na mbwa anajua la mwalimu peke yake. Aliushika mkono wake mgonjwa kwa ule mzima.

"Kwa hivyo yule mama alikuwa ananiita," akasema, "na mbwa akasikia ametumwa."

"Ndiyo, cucu."

"Basi nimeumwa na lugha mbili, na zote sizijui."

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka tucheke.

Baba alisema sababu imejulikana lakini meno ni yaleyale. Wageni watakuja, na hatuwezi kuandika kwenye ua maneno ya kutosemwa. Mwalimu alikubali. Alisema neno likishaingia kwa mbwa halifutiki, ila linaweza kubebeshwa mzigo mwingine. Akaomba apewe nafasi ya kulibebesha. Baba alimtazama cucu, na cucu akasema, "Mwache ajaribu. Kuchimba si mmeshachimba?"

Tukaanza upya. Mwalimu alirudi Gachoka, akawa anakuja asubuhi na jioni. Sasa "ita" ilikuwa chakula. Ilisemwa kwa upole, mkono chini, na bakuli likafuata. Baadaye mkono ukainuka kidogo, kila mara kuelekea bakuli. Baadaye kuelekea mimi, nimeshika ugali, mbwa kwenye kamba. Mwanzoni misuli yake ilisimama kila aliposikia, na mate yalimtoka, na hatukujua ni ya ugali ama ya nini. Mwalimu hakuchoka. Nami nilianza kuelewa kwamba kwa namna fulani tulikuwa tunamfundisha mbwa Kiswahili: kwamba ita ni kuita tu.

Cucu hakukaribia. Alimtupia tonge kutoka mlangoni, kwa mkono wa kushoto, na mara nyingi lilianguka vumbini. Mbwa alilila, kisha akaendelea kuutazama ule mkono.

Siku moja mwalimu alisema kimebaki kitu kimoja, na akakisema akitazama chini. Mbwa alikosea kwa cucu, na kwa cucu ndipo pa kujua kama amepona. Bila kamba, kwa sababu mbwa aliyefungwa hujua amefungwa.

"Mama yangu?" baba akasema. "Hapana. Afadhali shimo."

Cucu ndiye aliyejibu. "Niishi hapa kila siku nikiogopa mlango wangu wa jikoni? Nataka kujua."

Alichukua kigoda akaketi palepale alipokuwa siku ile. Akatoa mkono wa kulia, wenye kovu lililovimba kama kamba chini ya kiwiko, akaweka tonge kiganjani. Baba alisimama kando yake na panga. Mwalimu aliomba neno lisemwe na mtu mwingine, si yeye, na baba akaninyooshea kidevu.

"Ni wewe ulitaka mwalimu. Sema."

Nilimfungua mbwa. Nilimnong'onezea kitu ambacho ni chetu wawili. Kisha nikanyoosha mkono, nikamwelekeza kwa cucu wangu, nikaushusha mkono. Nilijaribu tena.

"Ita."

Aliondoka kwa kasi. Ndiyo, kwa kasi, na panga la baba likapanda. Cucu alisema, "Tulia wewe," na sijui mpaka leo alikuwa anamwambia baba ama mbwa. Hatua chache mbele yake mbwa alipunguza mwendo. Akasimama. Cucu alikiacha kiganja wazi. Mbwa alinyoosha shingo, akanusa kovu kwanza, muda mrefu, kisha akachukua ugali kwa midomo tu, polepole.

Baba alishusha panga. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa sweta. Mimi nilitaka kukimbia nikawakumbatie wote wawili, lakini cucu aliinua mkono kunizuia.

"Amefaulu," akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Sasa mfunge."

Nikamfunga. Baba alikwenda nyuma ya zizi, na sauti ya udongo ukirudishwa shimoni iliendelea mpaka mchana.

Mbwa bado yuko. Mgeni akisema lile neno anakuja mbio, anaketi, anangoja ugali. Akimkosa wa kumpa, anatingisha mkia na kwenda zake. Mbuzi wawili wameibiwa tangu wakati huo. Dukani watu huniuliza kuhusu walimu wa mbwa kwa sababu habari zetu zilienea, nami huwaambia wamlete yule wetu, wampe uji, wamsikilize, maana anajua kazi. Halafu wamuulize kila neno lina maana gani katika kila lugha inayopita mlangoni pao. Mteja akitaka kumwona mwenye duka, siwezi kusema nitamwita. Nasema, ngoja nimlete.

Cucu amerudi kumlisha jioni. Anafinyanga tonge, anachovya, anainama. Hutumia mkono wa kushoto. Wa kulia anauweka chini ya leso, na mbwa, akishameza, huinusa ile leso kidogo kabla ya kwenda kulala.